Injini ya Ndege Ikigonga Saa 2,000, Ifunguliwe ama Iachwe Ipige Kazi?

Kuna namba moja yenye ukiitaja karibu na watu wa ndege ndogo pale Wilson Airport, unaanzisha mjadala mkali kushinda derby ya Gor na Ingwe. Namba ni 2,000.

Hizo ni saa. Lycoming, kampuni ya Marekani yenye injini zake zimejaa kwa ndege ndogo duniani, imeandikia injini zake nyingi za silinda nne hivi: ukishapaa saa 2,000, ama miaka 12 ikiisha kabla hujazifikisha, fungua injini yote, pima kila kitu, badilisha zilizochoka, funga upya. Watu wa ndege wanaita hiyo namba TBO, yaani saa kutoka ovaholi moja hadi ingine.

Sasa shida ni bili. Kufungua injini ya Cessna 172 vizuri inaanzia kama dola 30,000 na kupanda. Dola ikiwa 129, hiyo ni karibu milioni nne, na bado hujalipia usafiri wa injini yenyewe. Milioni nne, msee! Hapa Embu hiyo ni ploti na chenji. Kwa hivyo mwenye ndege akiona saa zinakaribia 2,000, usingizi unaisha. Injini inanguruma fiti, haivuti moshi, haimwagi oili. Atoe milioni nne ju kitabu kimesema?

Swali ni tamu kuliko linavyokaa, na jibu lake litakusaidia hata ka ndege yako ya karibu ni ile unaonanga ikipita juu.

Nduthi haijui kalenda

Kuja hapa Dallas uulize fundi yeyote wa nduthi ni lini anafungua injini ya Boxer. Hatakuambia saa wala miaka. Atakuambia ikianza kutoa moshi ya blue, ikikula oili, ikikosa nguvu kwa mlima, ama ikianza kugonga huko ndani. Anafuata hali. Injini ikiwa sawa, kwa nini uisumbue?

(By the way, ukitafuta mambo ya injini za ndege "Dallas" kwa simu, utaletewa Texas tupu. Sisi ni wale wengine.)

Tofauti ni mahali injini inazimia. Nduthi ikidedi ukienda Kangaru, unashuka, unasukuma, unalipa fundi, stori imeisha. Ndege ya injini moja ikidedi futi 400 juu ya Wilson, dakika moja tu baada ya kuruka, rubani ana sekunde chache za kuchagua pa kuangukia. Upande mmoja kuna Nairobi National Park. Upande ule mwingine kuna Lang'ata na Kibera, watu wakiwa kwa manyumba zao. Hakuna kando ya barabara ya kupaki.

Ndio maana watengenezaji hawakutaka kuachia kila mtu masikio yake. Wakaweka namba.

Hiyo namba inatoka wapi

Wengi wanadhani TBO ni expiry date, kama ya maziwa. Si hivyo. Ni makadirio ya mtengenezaji kutokana na vile injini zake zimekuwa zikifanya kazi huko nje, kwa wastani. Injini haijui imefika 2,000. Saa 2,001 haibebi laana yoyote.

Na kuna kitu kwa maandishi ya Lycoming yenyewe kinasema mengi. Injini ikipaa saa 40 ama zaidi kila mwezi, bila kuachaacha, tangu ianze kazi, kampuni inaikubalia saa 200 za ziada. Yaani injini inayofanya kazi ngumu kila siku ndio inaongezewa maisha! Ukiwaza kama mtu wa gari unaona ni kinyume. Si inayotumika sana ndio inachoka haraka?

Hapa ndipo injini ya ndege inaachana na akili ya kawaida. Adui mkubwa wa injini ya ndege ndogo si kazi. Ni kukaa.

Kwa injini za Lycoming, kamshafti, ile shafti yenye inafungua na kufunga valvu, imewekwa juu ya krankishafti. Ukizima injini, oili inateremka yote chini, na baada ya siku kadhaa kamshafti imebaki kavu huko juu. Unyevu unaingia. Kutu inaanza, kadoti kadogo tu. Halafu siku ukiwasha, kale kadoti kanasuguliwa na chuma kwa presha ya ajabu, kanakuwa shimo, shimo linakuwa kubwa, na vipande vya chuma vinaanza kuzunguka na oili. Hiyo kitu imeua injini nyingi zenye hazijafika hata nusu ya saa zao. Weka ndege yako Malindi, Ukunda ama Lamu, na ile hewa ya chumvi, uipaki miezi sita ukingoja doh ya mafuta. Hiyo miezi sita inaweza kuumiza injini kuliko saa mia tatu za kazi.

Kwa hivyo tuseme kuna Cessna mbili sokoni. Ya kwanza ni ya shule ya urubani pale Wilson, injini iko saa 1,900, imekuwa ikibeba wanafunzi kila siku Mungu anajalia. Ya pili ni ya mdosi fulani, injini iko saa 400 tu tangu ifunguliwe, lakini ilifunguliwa miaka 20 imepita na mdosi anairusha Krismasi na Pasaka. Mtu wa mtaa ataruka na ya pili ju "saa ni kidogo". Fundi anayejua kazi ataiogopa hiyo ya pili kama ukoma. Ni kama kuchagua kati ya mathree ya Nairobi–Embu inayohudumiwa kila wiki na gari ya harusi iliyofunikwa turubai nyuma ya nyumba tangu enzi za Moi. Mathree imechoka ndio, lakini unajua imechokea wapi.

Basi utajuaje?

Hapa ndipo kazi halisi iko. Ukiamua hutafuata namba peke yake, huwezi sema "nitasikiliza injini" halafu ukae. Lazima uitazame, kila mara, na uandike. Hizi ndizo njia zenye mafundi wa ndege wanatumia, na hakuna hata moja inayotosha ikiwa peke yake.

Ya kwanza ni rahisi hadi inachekesha. Kila ukibadilisha oili, unatoa filta, unaikata kama mkebe, unakunjua ile karatasi ya ndani na kuitazama kwa mwanga. Unatafuta chuma. Vidoti viwili vitatu, sawa, injini zote huacha kitu. Ukikuta vipande vingi vinang'aa, unaleta sumaku. Vikishikwa na sumaku ni chuma kabisa: inaweza kuwa kamshafti, gia ama ringi. Visiposhikwa pengine ni aluminiamu ya pistoni, ama shaba ya bushi. Filta ikijaa chuma, ndege haitoki hangani. Hakuna cha "turuke mara moja tuone". Kazi ya saa moja hivi, kisu na sumaku, inaweza kukuambia mengi kuliko ile namba yote ya kitabu.

Pamoja na hiyo, unachukua kachupa ka oili unapeleka maabara, wanakusomea kiasi cha metali iliyomo. Kipimo kimoja hakisemi kitu. Kumi mfululizo vinasema hadithi: chuma ilikuwa chini miaka miwili, sasa imepanda mara tatu. Hapo unaanza kuuliza.

Ya pili ni kompresheni. Fundi anaweka pistoni juu, valvu zote zikiwa zimefungwa, anaingiza upepo wa presha 80 kupitia tundu la plagi, na anasoma silinda imebaki na ngapi. Ikishika 75, inaandikwa 75 juu ya 80, na watu wanatabasamu. Ikianguka chini ya 60, Lycoming wanasema anza kufikiria kuitoa hiyo silinda. Lakini fundi mzuri hasomi geji tu, anaskiza upepo unatokea wapi. Ukitokea kwa ekzosi, valvu ya ekzosi inavuja. Ukitokea kwa mdomo wa kuwekea oili, ni ringi. Hiyo ni kama daktari na stethoscope, tofauti ni kwamba mgonjwa amefungwa propela, na ikizunguka na huo upepo inaweza kukuvunja mkono. Ndio unaona kazi hiyo mara nyingi inafanywa na watu wawili.

Ya tatu ndio imebadilisha mchezo: kamera ndogo, nyembamba kama waya, inaingia kwa tundu la plagi na unaona ndani ya silinda bila kufungua bolti hata moja. Valvu ya ekzosi yenye afya ina madoa ya mviringo, yamelingana pande zote. Ikianza kuungua, upande mmoja unabadilika rangi, mviringo unapotea. Ukiiona mapema unaokoa valvu. Ukichelewa, kipande kinakatika hewani.

Na kuna oili yenyewe inapotea wapi. Lycoming wana hesabu yao ya mwisho wa kukubalika, na kwa injini ya nguvu za farasi 160 inakuja karibu nusu lita kila saa. Hiyo ni mingi, kusema ukweli. Kwa hivyo usingoje kufika huko. Kitu cha kuangalia ni mabadiliko: injini iliyokuwa inakula lita moja kwa saa kumi, ghafla inakula lita kwa saa nne. Kuna kitu kimetokea. Presha ya oili ikishuka na injini ikiwa moto, hapo pia usijidanganye na geji kwamba "imezeeka tu".

Nairobi nayo inakupa kipimo cha bure chenye watu wa pwani hawana. Wilson iko karibu futi 5,500 juu ya usawa wa bahari. Hewa ni nyepesi, na injini isiyo na turbo inapoteza kama asilimia 3 ya nguvu kwa kila futi 1,000. Ile 160 ya kitabu inabaki kama 130 hivi kabla hata hujaanza kulia joto la mchana. Injini iliyochoka inaweza kujificha Mombasa. Wilson saa nane mchana, na watu wanne ndani, haina pa kujificha. Ukiona ndege inakula runway kuliko mwaka jana, na mzigo ni ule ule na joto ni lile lile, hiyo si mawazo yako.

Kwani kufungua kuna ubaya gani?

Unaweza kusema: sawa, lakini si ni heri kufungua mapema, uwe na amani? Hapa kuna stori ya vita inafaa ujue.

Wakati wa Vita ya Pili ya Dunia, jeshi la anga la Uingereza lilikuwa na ndege za B-24 Liberator za kuwinda nyambizi za Wajerumani baharini. Kila saa 50 ndege inaingia gereji kukaguliwa. Mwanasayansi mmoja, C. H. Waddington, ambaye kwa kazi yake alikuwa mtu wa baiolojia wala si makanika, akaambiwa aangalie kwa nini ndege nyingi zimelala chini. Akachora kwa karatasi ni lini ndege zinaharibika. Alichokuta ni maajabu: matatizo yalikuwa yanapanda sana mara tu baada ya ukaguzi, halafu yanapungua polepole hadi ukaguzi ujao. Ukaguzi ulikuwa unaleta ugonjwa! Watu wanafungua vitu vizima, wanafunga vibaya, wanaacha bolti nusu. Wakapanua muda wa ukaguzi na kubadilisha utaratibu, na saa za kuruka zikapanda kwa asilimia 60.

Mwaka 1978, watu wawili wa United Airlines, Nowlan na Heap, wakaandika ripoti kwa serikali ya Marekani kuhusu vifaa vya ndege. Waliona kwamba asilimia 89 ya vifaa walivyochunguza havikuonyesha kuzeeka kwa namna yenye kuviwekea kikomo cha saa ingesaidia. Na asilimia 68 vilikuwa hatari zaidi vikiwa vipya, halafu vinatulia.

Weka hiyo kwa injini yako. Siku injini inatoka ovaholi, si siku yake salama kabisa. Kila bolti imeguswa na mkono wa binadamu. Hata kutoa silinda moja si mchezo: kuna bolti ndefu zinazopita katikati ya injini nzima na kushikilia zile beringi kuu, na ukizilegeza vibaya beringi inaweza kusogea mahali pake. Injini inafungwa, inapendeza, inalia vizuri, na ndani kuna beringi imehama.

Msee anayeitwa Mike Busch, fundi na mwandishi wa Marekani, amejenga jina kwa hii hoja. Ana Cessna 310 ya injini mbili, na amezipeleka injini zake zaidi ya maradufu ya TBO huku akizichunguza vile nimeeleza. Ukimsoma unaona anasema kitu kimoja kwa njia nyingi: tengeneza kilichoharibika, acha kilicho kizima. Silinda moja ikichoka, badilisha silinda, usifungue injini. Kinachokulazimisha kufungua yote ni matatizo ya huko chini: chuma kwa filta kutoka kwa kamshafti, ufa kwa kasha la injini, ama propela imegonga chini. Hiyo ya mwisho haina hata mjadala. Propela ikigonga kitu injini ikiwa inazunguka, injini inafunguliwa, hata ka ina saa kumi.

Lakini chunga huyu shetani

Sasa, kuna vile hii stori nzuri inageuka ngori, na hapa ndio nataka uniskize.

Mwenye ndege akisema "mimi nafuata hali ya injini, si namba", muulize swali moja: doh ya ovaholi iko kwa akaunti?

Ju kuna watu wawili wanaosema sentensi hiyo hiyo. Wa kwanza amekata filta arubaini, ana picha za kila valvu, ana karatasi za maabara, na ana milioni nne zimelala zikingoja. Injini ikimwambia leo basi, anafungua leo. Wa pili hana kitu. Alipaa saa 2,000 akila faida yote, sasa namba imefika na mfuko umekauka, ndio anagundua falsafa. Huyo hafuati hali ya injini, anafuata hali ya mfuko. Na mfuko mtupu unafanya macho ya mtu yaone vibaya: vile vidoti kwa filta vinakuwa "kawaida tu", kompresheni ya 58 inakuwa "geji ni mbovu".

Hesabu yake ni ya chama, haina haja ya degree. Milioni nne gawa kwa saa 2,000 ni shilingi 2,000. Kila saa propela inazunguka, elfu mbili inaenda pembeni, kabla ya mafuta, kabla ya mshahara, kabla ya mdosi kununua kiatu. Ndege ikirudi imepaa saa tatu, elfu sita imeingia. Ukifika 2,000 bili iko tayari, na sasa unaweza kuamua kwa akili iliyotulia. Pengine utaongeza saa 300 na injini itakubali. Lakini utakuwa umeongeza ju injini imekubali, na si ju benki imekataa.

Presha ya biashara nayo si ndogo. Huku kwetu tunaijua. Miraa ya Meru imebebwa na ndege kutoka Nairobi hadi Somalia kwa miaka mingi, na ni mzigo usiojua kungoja: siku mbili na bei imeanguka. Somalia ilipofunga soko Machi 2020, na kulifungua tena Julai 2022, kila mtu kutoka Maua hadi uwanja wa ndege aliskia. Kwa mzigo kama huo, ama watalii wamelipia kwenda Lewa ama Mulika kule Meru National Park, siku ndege imelala gereji inauma vibaya. Hapo ndipo mtu anaanza kumwangalia fundi kwa jicho la "si usaini tu".

Na hapa Kenya mambo si ya kila mtu na maoni yake. Marekani, mwenye ndege yake binafsi asiyebeba watu wa kulipa halazimishwi kufuata TBO. Kwetu, ndege inayobeba abiria kwa pesa inaendeshwa kwa programu ya matengenezo iliyoidhinishwa na KCAA, na kilichoandikwa humo ndicho sheria yake. Programu ikisema 2,000, ni 2,000, usilete habari za Waddington. Naona hiyo ni haki kabisa. Abiria aliyekata tiketi hajaona filta yako, hajaona picha za valvu zako. Namba ndiyo ulinzi pekee anayopata bila kuuliza. Hata zile Caravan kubwa kidogo zenye zinapeleka watalii mbugani, zenye injini ya PT6A ya tabo, aina ya 114A zina namba yao: saa 3,600.

Kwa hivyo wale mnasoma East African School of Aviation pale Embakasi, ama mnataka kwenda, jueni hiyo ndiyo mboka yenyewe. Kufungua bolti mtu yeyote wa jua kali atakufunza. Leseni ya KCAA inakulipa kwa ajili ya sahihi. Mdosi atasimama hapo na simu, rubani atasimama na kofia, na wewe umeshika karatasi ya filta yenye vitu vinang'aa.

Ukiona tangazo la ndege inauzwa

Kuna maneno ya kujua, ju ujanja uko humu kama tu kwa Probox zenye mileage imerudishwa. "Ovaholi" na "zero" si kitu kimoja. Injini iliyofanyiwa ovaholi inaendelea na historia yake: logibuku inasema imepaa saa 6,000 tangu izaliwe, 300 tangu ifunguliwe. Ile ya "zero" imejengwa upya na mtengenezaji mwenyewe ama aliyeidhinishwa naye, na ndio inaruhusiwa kuanza logibuku mpya. Halafu kuna "top", hapo ni silinda tu zimeshughulikiwa, huko chini hakujaguswa. Muuzaji akisema "injini imefunguliwa juzi" na alimaanisha top, hajadanganya sana, lakini wewe umeibiwa.

Uliza pia kipimo walichofuata: sehemu zimerudishwa hadi viwango vya upya, ama zimekubaliwa tu ju bado ziko ndani ya kikomo cha kuchakaa? Zote ni halali. Bei yake haifai kuwa moja. Na uliza miaka, usiulize saa peke yake. Cessna walisimamisha kutengeneza 172 mwaka 1986 na kurudi miaka kumi baadaye, kwa hivyo nyingi unazoona zinakushinda umri. Zile za 1977 hadi 1980 zilikuja na injini ya O-320-H2AD, ambayo ilikuwa na sifa mbaya ya kula kamshafti yake. Ziko nyingi bado zinapaa vizuri, lakini kwa hizo omba kuona historia ya filta kabla hujaulizia rangi ya viti.

Ukishafungua injini, kuna kitu kimoja watu hukosea. Injini mpya ya nduthi tunaibembeleza, polepole, wiki mbili bila kuvuta. Ya ndege haitaki hivyo. Inawekwa oili ya kawaida isiyo na vikorombwezo kwa saa 50 za kwanza ama hadi ulaji wa oili utulie, kisha inapaishwa kwa nguvu, asilimia 65 hadi 75 na zaidi, ili ringi zisukumwe zikae sawa kwa ukuta wa silinda. Ukiibembeleza, ukuta unang'ara kama kioo, ringi hazishiki tena, na injini ya milioni nne inakula oili maisha yake yote. Mafundi makini wanaiambia rubani azungukie karibu na uwanja, mahali anaweza kurudi hata ikizima, akiwa peke yake. Halafu filta ya kwanza inakatwa mapema, inakunjuliwa kwa mwanga, sumaku iko karibu. Abiria wanangoja chini hadi hiyo karatasi isomwe.